Fundi Rangi Aliyeambiwa Asisimame na Wageni

"Kanisa haliwezi kusimamisha mipango yake kwa ajili ya mtu mmoja." Maneno haya yalisemwa kikaoni na mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mwenye heshima zake, na hakuna aliyempinga. Mimi nampinga. Kanisa lisiloweza kuahirisha jambo kwa ajili ya mtu mmoja linadanganya likisema linawapenda wengi, kwa sababu hao wengi ni nani kama si huyu, na huyu, na yule pale nyuma? Watu huugua mmoja mmoja, hufiwa mmoja mmoja, na wakiamini, huamini mmoja mmoja. Umati ni kitu anachokiona mtu aliye jukwaani. Aliyeniandikia barua hii hakuwa jukwaani, alikuwa mlangoni. Isomeni kwanza. Nitamjibu yeye, na nikimalizana naye nina neno na wengine.

*

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanikemea, maana najua utanikemea, nimeisoma safu yako muda mrefu na huwa nafurahi sana unapowakemea wengine.

Mimi ni mama mtu mzima, nimeolewa, nafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kanisani nako nimepewa mapokezi, nadhani kwa sababu waliona nimezoea kuwapanga watu bila kelele. Tuna utaratibu ambao tunajivunia sana, kila Jumapili baada ya matangazo mshereheshaji anawaomba wageni wasimame, kanisa zima linawapigia makofi, kwaya inawaimbia ubeti mmoja wa kuwakaribisha, na ibada ikiisha nawachukua hadi chumba kilicho nyuma ya madhabahu, nawapa soda na biskuti, nawauliza jina na wanakotoka, nawapa kipeperushi chenye picha ya mchungaji na mkewe, tunaomba, wanatoka. Chumba hicho zamani kilikuwa cha darasa la waumini wapya, lakini tangu tuanze maandalizi ya mkutano mkubwa wa injili wa uwanjani kimejaa spika, nyaya na majoho ya kwaya, kwa hiyo wageni wanabanana kwenye viti vilivyobaki karibu na dirisha, darasa limeahirishwa, na mwalimu wake amefanywa mwenyekiti wa kamati ya sare.

Mwaka jana kanisa lilipakwa rangi upya, na mmoja wa mafundi rangi, mwanamume wa makamo anayeishi na dada yake mjane, alikuwa akibaki juu ya ngazi akisikiliza maombi ya mchana ya akina mama, brashi inamkaukia mkononi, hata msimamizi wake akawa anampigia kelele. Kazi ikaisha, wenzake wakaenda zao, yeye Jumapili iliyofuata akaja, shati limepigwa pasi, rangi bado imeng'ang'ania pembeni mwa kucha. Aliposikia wageni wasimame akasimama, tukampigia makofi. Jumapili nyingine akasimama tena, na nyingine tena, miezi ikapita, kila wakiitwa wageni naye yumo, watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, wakambandika jina la Mgeni Rasmi, na mshereheshaji akawa anasema leo tunaanza na Mgeni Rasmi wetu, naye anacheka pamoja nasi na kupunga mkono.

Siku moja nikamtania, nikamuuliza kaka, wewe utakuwa mgeni hadi lini, akanijibu bila utani wowote kwamba hakuna aliyemwambia ameacha kuwa mgeni, halafu kule chumbani ndiko mahali pekee ambapo mtu anamuuliza habari zake na kungoja jibu. Mshauri, mimi sikuwa nangoja jibu, nilikuwa nangoja amalize soda nikusanye chupa.

Halafu kuna siku wageni wenzake walishatoka, yeye akabaki amekaa kati ya spika mbili kubwa, akaniuliza, "Dada, wewe ukiwa nyumbani peke yako, unamwambia Mungu nini?"

Mimi nafungua vikao kwa sala na kuvifunga kwa sala, nikiomba mbele za watu wapo wanaotoa leso, lakini nyumbani, peke yangu, mlango umefungwa, sikumbuki ni lini, narudi kutoka kwenye kamati miguu imevimba, navua viatu, nalala. Nikamwambia hayo atafundishwa darasa likianza, nikampa kipeperushi, na vipeperushi alikuwa navyo vingi tayari, akakipokea kwa mikono miwili kama cha kwanza. Tangu siku hiyo kila tukionana aliniuliza, darasa lini, nami nikawa namwambia bado kidogo.

Ndipo wazee wakaniita. Mwenyekiti wao ni kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji ninayemheshimu kwelikweli, tulipokuwa hatuna kazi mimi na mume wangu tulikaa kwake na hakuwahi kutuonyesha kwamba tumemchosha. Akasema huyu Mgeni Rasmi sasa amekuwa kichekesho, wageni wa kweli wanachanganyikiwa, na viongozi kutoka makao makuu wanatarajiwa, kwa hiyo nimwambie asisimame tena. Nikasema sawa, lakini basi tulifungue darasa, hata barazani, hata kwa watu wachache. Akanijibu kwa upole, "Shemeji yangu, kanisa haliwezi kusimamisha mipango yake kwa ajili ya mtu mmoja. Mkutano ukifika watakuja mamia, na yeye atakuwa miongoni mwao." Wote wakaitikia kwa vichwa, na mimi pia nikaitikia.

Nilimwambia mlangoni, kwa sauti ileile ninayowaambia watu kliniki kwamba daktari hayupo leo. Nikasema kaka, kuanzia leo usisimame na wageni, wewe sasa ni mwenyeji. Uso wake ukachangamka, mshauri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, alifurahi, alidhani nimempa kitu. Akauliza, "Na wenyeji huenda chumba gani?"

Watu walikuwa wanajipanga nyuma yake. Nikamwambia wenyeji huenda nyumbani.

Wageni walipoitwa akabaki ameketi, mikono juu ya magoti, akitazama chini. Ibada ilipoisha alisimama kidogo karibu na mlango wa kile chumba, akawatazama wageni wakiingia, kisha akaja kunishukuru kwa kila kitu, akaondoka. Hajarudi tena. Hakuna aliyemuulizia, isipokuwa mshereheshaji aliyetania kwamba Mgeni Rasmi bila shaka kaalikwa kwingine.

Juzi dada yake alikuja kliniki kung'olewa jino, akanitambua huku ameshika shavu. Akaniambia kaka yake hana kinyongo na mtu, anasema wale ni watu wazuri ila wana shughuli nyingi. Akaniambia jioni alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda na kujaribu kuomba, halafu anamwita, njoo unisikilize, hivi nasema sawa? Na dada wa watu hajui, hata yeye haendi kanisa lolote, anamwambia nadhani sawa. Siku hizi hamwiti tena. Na mwisho wa mwezi anahama, amepata kazi kwenye majengo mapya mji wa mbali na anabeba vitu vyake vyote.

Sasa hapo ndipo nimekwama. Mchungaji amesikia habari za fundi aliyeguswa akiwa juu ya ngazi na zimempendeza mno, anataka siku ya ufunguzi wa mkutano apandishwe jukwaani akiwa na ovaroli lake, ndoo na brashi, atoe ushuhuda, na shemeji ameniagiza mimi nimtafute nimlete. Mume wangu anacheka, ananiambia si ulikuwa unalia unataka kumwona, sasa umepewa na gari la kanisa. Lakini nikienda hivyo nitakuwa nimemfuata kwa kuwa sisi ndio tuna shida naye. Nikikataa namvunjia shemeji heshima. Na nikienda kivyangu ataniuliza swali lile, na jibu bado sina. Nimefikiria kuacha mapokezi, nimefikiria hata kuhamia kanisa kubwa mjini, mahali ambapo naweza kuingia na kutoka bila kujulikana. Nifanye nini?

Mama wa Mapokezi

*

Mama wa Mapokezi,

Nimekusikiliza hadi mwisho kama ulivyotaka. Sasa tulia nikukemee.

Kumwambia asisimame halikuwa kosa. Mtu akikaribishwa kila wiki mwaka mzima, huko si kukaribishwa tena, ni kuwekwa mlangoni. Kosa ni kwamba ulimwondoa kwenye kiti kimoja kabla hujamwonyesha kingine. Alikuuliza swali lililo wazi kuliko mahubiri yote ya mwaka huo, na ungeweza kumjibu, "Sijui, kaka, ngoja nikuulizie." Ungeweza kumwambia, "Njoo kwangu." Foleni ilikuwa nyuma yake, basi. Foleni ya kanisani haina mtu anayeumwa jino.

Usiwasukumie wazee kila kitu. Agizo lilikuwa lao, ile sauti ya kliniki ilikuwa yako. Kamati nazo usizisingizie. Hakuna kamati iliyowahi kuingia chumbani kwako kukuzuia usipige magoti. Miguu ilivimba, ndiyo, nakuonea huruma kwa miguu hiyo. Lakini ulipata nguvu ya kuomba kila palipokuwa na mtu wa kukusikia, na palipobaki Mungu peke yake ukachoka. Hilo linauma, na nimelisema makusudi ili liume, kwa sababu umezoea kupigiwa makofi pamoja na wageni wako.

Sasa nikutetee pia, kwa kuwa hukufika hapo peke yako. Tumejenga makanisa ambayo mtu anaweza kuhudumu ndani yake miaka mingi akiwa hana lolote la kumwambia Mungu, na asigundulike, kwa sababu ratiba inamficha. Nimesoma vitabu vya kutosha vya mabingwa wa kukuza makanisa. Wanajua kupima viti, maegesho, sauti na taa. Sijakutana na hata kimoja kinachouliza yule aliyekaa benchi la nyuma akifika nyumbani anafanya nini. Kanisa lenu lilichukua darasa likalifanya stoo, likachukua mwalimu likamfanya fundi wa sare, likachukua mwanamke anayejua kuongea na watu likamfanya mhudumu wa soda, halafu likaita hayo yote maandalizi ya injili. Injili ilikuwa imeshaingia humo ndani kwa miguu yake. Imekaa kati ya spika mbili, inauliza darasa lini.

Na kuna jambo umelipita haraka kwenye barua yako, nami nilirudi kulisoma mara mbili. Huyu fundi aliguswa na nini? Si kwaya, haikuwapo. Si mchungaji, hakuwapo. Ni akina mama wachache waliokuwa wakiomba mchana, hata hawana habari kama kuna mtu juu ya ngazi anawasikiliza. Hawakuwa wanamhubiria mtu. Walikuwa wanazungumza na Mungu wao kama watu wanaomfahamu, basi mtu akasahau brashi yake. Mwaka mzima kanisa lenu limevuta nafsi moja, na limeivuta kwa kitu ambacho hakikuwekwa kwenye mipango. Hujaniambia kama maombi hayo bado yanaendelea. Nina hofu kwamba hayaendelei. Nina hofu kwamba mama mmoja yuko kamati ya chakula na mwingine ya mapambo.

Kwa hiyo kuhama kanisa usahau. Unataka kwenda mahali ambapo hakuna atakayekuuliza lolote, yaani unataka kufanyiwa kwa hiari kile alichofanyiwa yeye kwa bahati mbaya. Na kujiuzulu sasa hivi ni njia ya heshima ya kumkimbia fundi. Utajiuzulu baadaye ukitaka. Kwanza utembee.

Nenda wiki hii, kabla hajafunga mizigo. Usiende na gari la kanisa. Usiende na ujumbe wa watu watano waliovaa vizuri, najua tunavyopenda kwenda kwa ujumbe. Usibebe kipeperushi. Mumeo akitaka kufuatana nawe, aje, ila umwambie mapema kwamba utani wake aubakize nyumbani. Ukifika, usianze kulia. Ukilia, yeye ndiye atakayeanza kukubembeleza, kwa jinsi ulivyomweleza ni mtu wa namna hiyo, na utarudi nyumbani umefarijiwa na mtu uliyemwacha nje. Mwambie hivi: "Uliniuliza namwambia Mungu nini nikiwa peke yangu. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa simwambii kitu. Nilikuonea aibu, nikakupa karatasi." Sema hayo, kisha nyamaza. Kama atakuuliza sasa itakuwaje, mwambie hujui vizuri, ila ungependa kujaribu, na kwamba usingependa kujaribu peke yako. Halafu mkae, wewe na yeye na dada yake kama atapenda, na kila mmoja aseme anachoweza. Maneno yako mazuri ya kufungia vikao usiyalete. Yakikosekana maneno, kaeni kimya. Hiyo nayo ni sala, tena kwako wewe ndiyo itakayokuwa ngumu zaidi.

Usimwombe arudi kanisani. Anahama, na hata asingehama, hukwenda kujaza benchi. Mtafutie kule anakokwenda mtu, nimesema mtu, sikusema jengo. Piga simu kwa ndugu, kwa mteja wa kliniki, kwa yeyote aliye na jamaa katika mji ule, hadi umpate muumini mmoja atakayemfungulia mlango jioni na kuomba naye mezani. Ukimpata, mkabidhi mkononi, jina kwa jina.

Na ujiandae kwa jambo moja. Inawezekana atakupokea vizuri, akakupa kiti, akakusikiliza, akakwambia hakuna tatizo, dada, kisha akaendelea kufunga brashi zake kwenye gazeti. Kwamba hamwiti tena dada yake jioni ni habari mbaya. Kuna kitu mtu hukitaka kwa muda, na asipopewa hujifunza kuishi bila hicho. Mimi siwezi kukurudisha pale mlangoni, siku ile uso wake ulipochangamka, na wala wewe huwezi. Akikataa, usimfukuzie. Rudi nyumbani, funga mlango, mtaje mbele za Mungu, ndipo utakuwa na jambo la kumwambia.

Kuhusu jukwaa, jibu ni hapana, na hapana hiyo uipeleke mwenyewe. Mtu huyu alikuja kwenu na shati lililopigwa pasi. Ninyi mnamtaka na ovaroli na ndoo. Alitaka kufundishwa, mkamcheka, mkamnyamazisha, na sasa mnataka asimame mbele ya umati kuwashukuru. Nenda nyumbani kwa shemeji yako, usimpigie simu, amkia kama unavyomwamkia siku zote, kaa, mwambie: "Shemeji, nimekwenda kumwona. Sikumfikishia ujumbe wenu, na sitaufikisha." Atakasirika. Alikuhifadhi nyumbani kwake wakati wa shida, na deni la namna hiyo halilipwi kwa kumsaidia akosee. Kama aliwavumilia ninyi wawili pale sebuleni kwake bila kuwaonyesha kuchoka, basi anajua vizuri kabisa namna ya kupokea watu. Mkumbushe hilo. Ndiye mtu katika kanisa lenu anayeweza kuelewa haraka zaidi.

Kisha wafuate wale akina mama wa maombi ya mchana, popote walipotawanyika, uwaambie nani aliyekuwa juu ya ngazi. Hawajui. Waambie alikuja kwa sababu yao, na waambie pia ameondoka kwa sababu gani. Ombeni pamoja mchana huohuo. Darasa lenu jipya ni hilo, wala halihitaji kibali cha kikao.

Nimemalizana na wewe. Sasa ninyi wazee wa makanisa mnaosoma safu hii, na wewe hasa, mwenyekiti, shemeji wa mtu, kwa maana najua gazeti hili linafika mezani kwako. Msiniandikie kwamba napinga mikutano ya injili. Nauliza tu hao mamia wakija watapelekwa kwa nani. Kwenye kikao chenu kijacho, kabla ya taarifa ya jukwaa, kila mzee ataje mtu mmoja ambaye hukaa naye na kumfundisha kuomba. Msitaje idara wala kikundi. Taja mtu, mtaa anaoishi, na jambo alilokuuliza mara ya mwisho mlipoonana. Mwenyekiti, wewe uanze. Kama huna, sema mbele ya wenzako kwamba huna, ufunge kikao saa hiyohiyo, na mtoke mkamtafute kila mmoja wa kwake. Uwanja mtaukodi siku nyingine.